Somo Lililofundishwa Wiki Ijayo

Jumatatu moja, saa nne kasorobo, nilifungua rekodi ya kazi ya Kemia ya Kidato cha Tatu, nikasoma kwamba Alhamisi ya wiki hiyo mwalimu alikuwa amefundisha namna ya kupima nguvu ya asidi kwa kuidondoshea alkali. Hakuandika kwamba atafundisha. Aliandika kwa wino wa buluu: "Lilifundishwa. Lilieleweka vizuri." Alhamisi yenyewe ilikuwa bado siku tatu. Nikafunua ukurasa wa pili. Wiki iliyofuata nayo ilikuwa imekwisha kufundishwa, na wanafunzi, ambao saa hiyo niliwaona dirishani wakibeba viti kuvipeleka ukumbini, walikuwa tayari wameielewa.

Nikachukua muhuri, nikaupuliza vumbi kama ilivyo desturi yangu, nikagonga: Naibu wa Mwalimu Mkuu, Imekaguliwa, na tarehe ya Jumatatu.

Nimestaafu sasa, nakaa Kabiria na kuku wangu, na ningeweza kunyamaza. Lakini ninyi mnaoingia kazini na barua zenu za kwanza mikononi mnapaswa kujua jambo hili kabla hamjakabidhiwa daftari hilo. Rekodi ya kazi hujazwa baada ya kipindi: tarehe, mada, na maneno machache ya kusema somo limekwendaje. Neno zima la kushika hapo ni "baada". Mwalimu mmoja kijana, Mwalimu Akoth, alilishika. Leo kazi yake inaning'inia kwa sababu daftari lake lilisema kweli, na yule wa wino wa buluu ana cheti ukutani. Mkiniona nimekasirika, chanzo ni hicho, na muhuri wangu umo ndani yake.

Nianze na nilikojifunza kukagua, kwa sababu nilifundishwa vizuri na sina kisingizio.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa mtaa wa Jamhuri, humu jijini. Mkuu wa idara ya sayansi alikuwa Bwana Wekesa, mtu mfupi, mwenye tabia mbaya ya kutafuna njugu darasani. Wiki yangu ya pili aliingia kipindini kabla ya kengele akiwa amebeba stuli ya maabara, akaiweka nyuma kabisa, karibu na msichana aliyekuwa akijificha nyuma ya mwenzake. Akatoa daftari la kurasa thelathini na mbili, kama la mwanafunzi, akaandika jina lake juu. Nilifundisha moli kwa dakika arobaini. Nilijisikia nimeng'ara.

Baadaye alinisukumia lile daftari. "Soma."

Nikasoma. Alikuwa amenakili nilichoandika ubaoni, kwa kasi ya yule msichana, na kila nilipofuta kabla msichana hajamaliza, naye aliacha hapo hapo. Sentensi ya kwanza ilisema, "Moli ni kiasi cha." Ya pili haikuwa na mwanzo. Chini kabisa palikuwa na vijistari kumi na tisa, na mbele yake: "Mnaelewa?"

"Hizi ni nini, Bwana Wekesa?"

"Ni mara ulizowauliza kama wanaelewa. Walijibu ndiyo zote kumi na tisa." Akatafuna njugu. "Mimi nina digrii ya Kemia, na nimetoka kipindi chako sijui moli ni nini. Huyo mtoto atajuaje?"

Nililia chooni, nakiri. Kesho yake akanialika kipindini mwake, nikae kwenye stuli ile ile, ninakili kwa kasi ya mwanafunzi. Nikagundua kwamba hata yeye alikuwa na kosa: akigeukia ubao, sauti yake ilimezwa. Nilimwambia kwa woga. Akashukuru kama mtu aliyeonyeshwa kifungo kilichofunguka. Hapo ndipo nilipoielewa ile stuli. Hukai pale kumhukumu mtu. Unakaa kuona somo kutoka mahali ambapo mwalimu hawezi kukaa wakati anafundisha.

Ikiwa mtasahau mengine yote, chukueni haya. Ukienda kumtazama mwenzako akifundisha, ingia kabla ya kengele, usikae mlangoni kama askari, kaa na mwanafunzi anayeachwa nyuma, andika anachoweza kuandika yeye. Usifungue mdomo. Somo likiisha, mwonyeshe daftari kwanza, maneno baadaye, na yasizidi mawili matatu. Kisha mkaribishe aje kwako. Ukikaa kwake naye asikae kwako, basi wewe ni polisi tu mwenye diploma.

Bwana Wekesa hakupandishwa cheo hata mara moja. Alikosa mikutano mingi.

Mimi nilihudhuria. Nilipanda cheo, nikahamishwa, mwishowe nikawa naibu katika shule ya kutwa kule bondeni, kati ya Kabiria na Kawangware, yenye wanafunzi wanaoteremka kwa miguu kutoka Kangemi. Na kwa kuwa nilikuwa naibu, kila modeli mpya ya kuboresha shule ilipofika, mimi ndiye niliyetumwa kuipokea.

Modeli hupokelewa hotelini, katikati ya jiji. Ya kwanza niliyoipokea ilikuwa na nguzo tano. Ya pili ilikuwa duara lenye mishale, na kila mshale uliporudi ulipotoka, mwezeshaji alituomba tupige makofi ya kilo, yale mazito ya wote kwa pamoja. Tuligawanywa kwa rangi za karatasi, nilikuwa kijani. Tulibandika matarajio yetu ukutani. Mwalimu mkuu mmoja kutoka mbali aliandika kwamba anatarajia chakula cha mchana, na ndiye pekee ambaye matarajio yake yalitimia siku hiyo hiyo. Nilirudi shuleni na jalada nene, nikalisoma lote, maana mimi ni mtu wa utaratibu, nikaliweka kabatini kando ya lililotangulia.

Sisemi modeli zote ni bure. Modeli ya tatu ilinifanya nikae wima kitini. Ilisema mwalimu mkuu atoke ofisini aingie darasani; walimu wa somo moja wakae pamoja wapange kipindi kimoja, mmoja akifundishe, wengine watazame wanafunzi wanavyojifunza, kisha wakirekebishe na kukifundisha tena. Nilimwona Bwana Wekesa na stuli yake katikati ya skrini ya mwezeshaji, amevalishwa suti. Nilirudi Kabiria nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata katika semina yoyote.

Tuliifanyia nini? Tuliigeuza fomu. Fomu yenye visanduku kumi na viwili, kila kimoja kina alama moja hadi tano, na nafasi ya saini mbili: aliyetazama na aliyetazamwa. Mkuu wetu alitaka fomu mbili kwa kila mwalimu kila muhula. Zilipatikana zote. Siku moja niliingia majilisi, chumba cha walimu, wakati wa chai nikawasikia walimu wawili wa lugha wakifanya kazi hiyo mbele ya mandazi.

"Wewe leo si ungekuja kuniobserve?"

"Nishakuobserve. Uko na nne kila mahali."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilikuskia ukipita."

"Basi nipee tano kwa matumizi ya ubao."

"Ubao gani? Si huko kwenu ni ukuta umepakwa rangi?"

"Kwa matumizi ya ukuta basi."

Nilicheka. Naona aibu kusema kwamba nilicheka, kisha nikazichukua fomu zote mbili nikaziweka kwenye jalada lao.

Niwe wa haki kwa mkuu wetu. Hakuwa mvivu. Alifika kabla ya mlinzi wa mchana, alijua majina ya wazazi, alisimamisha ukuta wa maabara uliokuwa umelala. Lakini aliamini kwamba shule ni rafu ya majalada, na kwamba atakayekuja kumpima atapima rafu. Katika hilo la pili hakukosea, na hapo ndipo hasira yangu inapopanda ngazi hadi kwa wakubwa wake. Alikuwa na msemo wake wa kila mkutano: "Kama haijaandikwa, haikufanyika." Sisi tukajifunza upande wa pili wa msemo huo bila kufundishwa: kama imeandikwa, imefanyika.

Kila mwisho wa mwezi alitaka rekodi zote mezani, zimejaa. Mwalimu aliyekosa vipindi vitatu kwa sababu wanafunzi walitolewa kupanga viti vya mkutano wa wazazi, aandike nini? Aliandika kwamba amefundisha. Baada ya mwaka mmoja haikuwa tena kujaza pengo. Walimu walikaa Jumatatu wakajaza wiki mbili mbele, ili wasisumbuliwe. Bwana Ndirangu wa wino wa buluu alikuwa hodari kuliko wote. Mwandiko wake ungeweza kuuchapisha.

Siku moja nilimuuliza, "Ndirangu, hii ya Alhamisi umeijuaje?"

"Madam, mimi nina madarasa manne na mitihani ya mwigo. Nikiandika ukweli, nani atausoma?"

Aliyepaswa kuusoma ni mimi.

Mwaka jana, mwanzo wa muhula wa pili, Ndirangu akapewa Kidato cha Nne, na Kidato cha Tatu kikaenda kwa mwalimu mgeni, Mwalimu Akoth. Alikuwa amekodi chumba Kangemi; kwao ni upande wa magharibi, na alicheka kwa sauti iliyopita kuta mbili. Alikuwa kwenye kandarasi. Ripoti ya shule ndiyo ingeamua kama mwajiri atamchukua kwa kudumu, na nyumbani kwao watu wazima wawili na wadogo zake walikuwa wakiingoja ripoti hiyo pamoja naye.

Mwisho wa mwezi daftari lake likafika mezani kwangu. Nilinyanyua muhuri, nikaurudisha bila kugonga.

"Halikufundishwa. Wanafunzi walikuwa wakipanga viti."

"Halikufundishwa. Maabara imefungwa, ufunguo uko kwa Mkuu, Mkuu yuko semina ya ufunguzi wa maabara."

"Lilifundishwa. Halikueleweka. Nitarudia."

Nilimwita. Aliingia akitabasamu, maana alidhani nataka kumkaribisha rasmi.

"Akoth, hii umeandika ni nini?"

"Ni rekodi ya kazi, Madam."

"Naona. Lakini hapa tunaandika kazi. Wewe umeandika kukosa kazi."

"Si ndiyo ilitokea?"

"Ukweli ni mzuri, upeleke kanisani Jumapili. Andika 'lilifundishwa', halafu utawafidia."

Alifikiri kidogo. "Na mwanafunzi akiniuliza hiyo tulisoma lini?"

"Mwanafunzi hasomi rekodi."

Akanitazama bila hasira hata kidogo, jambo ambalo lilinichoma zaidi. "Madam, kuja ukae class yangu kesho. Ukitoka, uniambie niandike nini, na nitaandika."

Nilikuwa na sababu nyingi za kutokwenda. Nilikwenda. Maabara ilikuwa na stuli chache nzima, nikabeba moja mwenyewe, nikaona wanafunzi wakisukumana kwa viwiko: "Depu ameleta kiti yake." Depu ni mimi, naibu. Nikakaa nyuma, kando ya msichana anayeitwa Nekesa.

Akoth alikuwa anaanza mada mpya, ile inayosimama juu ya kupima asidi na alkali. Aliuliza swali dogo la mada iliyotangulia. Kimya. Akauliza jingine, rahisi kuliko hilo. Kimya. Si kimya cha utundu. Kilikuwa kimya cha watu wanaosikia lugha ngeni.

"Haya, semeni tu," akawaambia. "Hii mlisoma ama hamkusoma?"

Nekesa akanitupia jicho, akainua mkono. "Madam, tuliandika."

"Mliandika nini?"

"Tuliandika topiki. Tukaambiwa turuke peji mbili, notes zitakuja."

"Na zilikuja?"

Darasa zima likacheka. Nekesa akageuza daftari lake kwangu, labda kwa sababu nilikuwa karibu, labda kwa sababu alijua. Palikuwa na kichwa cha somo kimepigiwa mstari kwa rula, tarehe juu yake, kisha kurasa mbili nyeupe. Nikageuza. Kichwa kingine, kurasa mbili nyeupe. Nilihesabu vichwa tisa.

Tarehe ya kile cha kwanza ilikuwa ile Alhamisi.

Nilikuja kuuliza, nikajua yaliyotokea siku hiyo. Ndirangu aliingia darasani kweli. Aliandika kichwa ubaoni, na kabla hajageuka, akaitwa ofisini na Mkuu: walimu wote wa sayansi waje mara moja kuweka majalada sawa. Hakurudi. Somo lilikuwa limekwisha kufundishwa tangu Jumatatu, na mimi nilikuwa nimelikagua.

Akoth hakusema neno juu ya Ndirangu mbele ya wanafunzi. Alifuta mada mpya ubaoni, akarudi kwenye ile iliyorukwa. Bureti za kupimia matone zilikuwa mbili na moja imevunjika, kwa hivyo alikuwa na mabomba ya sindano aliyoyapata kwa mwenye duka la dawa, siki, maji ya jivu, na maua mekundu ya ua wa shule yaliyopondwa yakatoa rangi. Wanafunzi walidondosha, wakahesabu matone, wakagombana nani amepitisha kipimo. Dakika tano za mwisho kila mmoja alipewa kipande cha karatasi aandike jambo moja alilolielewa na moja lililomkwama, akimkabidhi mlangoni anapotoka. Akoth alizipanga karatasi hizo mafungu matatu juu ya meza, akanionyesha kwa kidole fungu kubwa zaidi, la waliokwama mahali pamoja.

"Kesho naanza na hawa. Sasa niambie, Madam. Niandike nini?"

"Andika hivyo hivyo," nikasema.

Nilirudi ofisini nikagonga muhuri kwenye "Halikufundishwa". Mkono ulikuwa mzito kuliko siku nilipogonga uongo. Ajabu hiyo sijaimaliza kuitafakari.

Tukaanza mambo yetu, bila modeli na bila makofi. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Akoth, mimi na mwalimu wa Fizikia tulikaa nusu saa tukapanga kipindi kimoja. Mmoja alifundisha, wawili tukaingia na stuli. Mwalimu wa Fizikia alikuwa akijibu maswali yake mwenyewe kabla mwanafunzi hajafungua mdomo. Tulimwambia ahesabu hadi saba kimoyomoyo. Kipindi kilichofuata alihesabu kwa sauti bila kujua, na wanafunzi wakahesabu naye. Mwezi wa pili tulikuwa sita. Hata Ndirangu alikuja mara moja, akakaa kando ya Nekesa, akaona zile kurasa. Wiki hiyo alipeleka notes Kidato cha Tatu, zimechapwa, kurasa mbili kwa kila mada. Naiweka hapa kwa sababu ilitokea.

Kisha muhula wa tatu wakaja wakaguzi.

Walikuwa watatu, wenye heshima zao. Walikaa ofisini kwa Mkuu tangu saa tatu mpaka chakula, majalada yakiingia na kutoka kama sahani. Hakuna aliyeomba kuona darasa. Niliwaambia mwenyewe, "Karibuni mkae kipindi kimoja, stuli zipo." Mmoja akatabasamu akasema muda hautoshi, na chombo walichopewa, yaani fomu yao ya ukaguzi, hakina sehemu hiyo. Wakasoma. Wakasoma daftari la Akoth. Wakahesabu "halikufundishwa" kumi na moja, ndizo pekee katika shule nzima yenye walimu zaidi ya ishirini, na haikuwapitia akilini kujiuliza inawezekanaje.

Shule ikashushwa daraja. Ndirangu akapewa cheti cha utunzaji bora wa rekodi.

Mkuu aliniita, akanisukumia lile daftari. "Umeona hii?"

"Nimeigonga kila mwezi."

"Umegonga hizi kumi na moja zote na hukuniambia?"

"Saba kati ya hizo ni wewe uliwatoa darasani, Mkuu. Viti, mkutano, mazoezi ya nyimbo za wageni. Hivyo vipindi havikufundishwa na shule nzima. Ni yeye peke yake aliyeandika."

Alilifunga daftari. Nadhani alijua. "Angeandika tu kama wenzake," akasema polepole, "saa hii tungekuwa wa kwanza. Sasa kuna mtu lazima ajieleze, na huyo mtu si mimi. Kwani wewe uko upande gani?"

Barua ikatoka siku ya pili. Ilimtaka Mwalimu Akoth aeleze kwa nini asichukuliwe hatua kwa kutofundisha vipindi kumi na kimoja. Ilikwenda na nakala kwa mwajiri, ikaingia kwenye faili lile lile linalongojea uamuzi wa kandarasi yake. Tazameni vizuri ushahidi uliotumiwa: mwandiko wake mwenyewe.

Majilisi siku hiyo, Ndirangu, ambaye si mtu mbaya, alimmiminia chai. "Nilikuambia, Akoth. Rekodi si shajara."

"Asante, Bwana," akajibu. "Na hiyo cheti yako, ilifundishwa ama ilieleweka vizuri?"

Watu walicheka mpaka wakashika meza. Ndirangu alicheka pia, kisha akaacha chai yake, akatoka.

Mimi niliandika maelezo ya kurasa mbili. Niliandika kuhusu viti, ufunguo na mkutano. Niliambatisha picha ya kurasa nyeupe za Nekesa, kwa ruhusa ya mama yake, na nakala ya rekodi ya buluu yenye muhuri wangu wa Jumatatu juu ya somo la Alhamisi. Niliandika: aliyegonga ni mimi. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo alinisihi nisipeleke. "Umebakiza wiki chache. Unataka kustaafu na doa?"

"Doa liko tayari," nikamwambia. "Nataka lionekane liko kwa nani."

Niliyapeleka mjini kwa mkono wangu, ofisi za mwajiri, ghorofa ya juu kabisa, kwa karani mwenye kucha ndefu na adabu nzuri.

"Mum, hii ni malalamiko ama ni pongezi?"

"Ni ungamo."

"Hiyo hatuna box yake." Akafikiri. "Naweka malalamiko." Akachukua muhuri, akaupuliza, akagonga: Imepokelewa.

Tangu nistaafu nimerudi pale mara tatu. Mara ya mwisho aliniambia, "Faili iko juu, Mum."

"Juu wapi, mwanangu? Hii si ndiyo ghorofa ya mwisho?"

"Juu ya meza ya mkubwa."

Kikao cha kumsikiliza Akoth hakijapangiwa siku. Wakati huo huo anafundisha, maana watoto hawangoji faili. Mtaala mpya umeingia, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya Kumi wako madarasani. Nasikia umeletewa modeli yake: umahiri, mikondo, mwanafunzi katikati. Nimeisoma. Ni nzuri. Inasema yale aliyosema Bwana Wekesa akitafuna njugu, nami ningeiunga mkono kwa mikono miwili kama ningejua ni nani atakayebeba stuli.

Jumamosi iliyopita Akoth alikuja Kabiria kunisalimia. Alileta ndizi na daftari. Lilikuwa rekodi mpya ya kazi ya Gredi ya Kumi. Mkuu amewagawia walimu wote, zimechapishwa mjini, zimejaladiwa vizuri, ili pasiwe tena na aibu ya mwaka jana. Nililifungua juu ya meza. Kila safu imejazwa kwa mashine, kuanzia siku ya kwanza ya muhula hadi ya mwisho: tarehe, mada, na maoni. "Lilifundishwa. Lilieleweka vizuri." Hadi wiki ambazo bado hatujazifikia. Kilichoachwa wazi ni sehemu moja chini ya kila ukurasa, ya saini ya mwalimu.

"Amesema ripoti yangu ya kandarasi anaandika wiki hii," Akoth akasema. "Lakini kwanza nirudishe hii ikiwa imesainiwa yote. Siku ya mwisho ni Ijumaa."

"Na utasaini?"

Hakucheka safari hii. Alilichukua daftari, akalifunga, akaliingiza mkobani.

Leo ni Alhamisi. Nimempigia Akoth simu wakati wa chai ya saa nne, alikuwa darasani. Mwalimu wa Fizikia, aliyepokea, ameniambia daftari liko juu ya meza ya Akoth, na kalamu iko ndani yake, kwenye ukurasa wa kwanza, na pale chini pa saini bado ni peupe.